Tyusheni, kitabu cha grama, apu au imla: ukiwa Dar na mtihani wa Kiingereza uko mbele, hela na muda uweke wapi

Nianze na yangu ili ujue naongea kutokea wapi. Mara ya kwanza nilivyofanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa ambao alama zake zinaitwa bendi, nilipata bendi 5.5 kwenye kusikiliza, na chuo nilichokuwa nakitaka kilihitaji 6.5 kwa jumla na kusiwe na kipengele chini ya 6, kwa hiyo ile hela ya mtihani, laki kadhaa nilizochanga miezi na miezi, ikawa ndo imeenda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba grama nilikuwa naijua. Sekondari yale maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo nilikuwa nayamaliza wa kwanza, ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza pasivu ningekujibu. Miezi mitano baadae nikarudi nikapata 7. Hapo katikati nilipita njia nne, kila moja nimeilipia kwa hela au kwa usingizi, na ndo hizo nataka kuziweka mezani uzione ubavu kwa ubavu.

Lakini kabla ya njia inabidi tuelewane ugonjwa wenyewe ni upi, maana wengi tunanunua dawa ya ugonjwa mwingine. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne wa NECTA ni wa kuandika, hamna mahali unawekewa sauti usikilize ujibu. Yani mtu anatoka shule kasoma Kiingereza miaka na miaka, masomo ya sekondari karibu yote kayasoma kwa Kiingereza, na sikio lake halijawahi kupewa mtihani hata siku moja. Macho yamefundishwa, mkono umefundishwa, sikio limeachwa lijitafutie lenyewe.

Alafu kuna jambo la pili ambalo mimi nililigundua nikiwa nimeshafeli. Kiswahili kinaweka mambo mazito mbele. Mtoto, watoto, kiti, viti, silabi ya kwanza tu ushajua ni mmoja au wengi. Kukataa kuko mbele, hatuendi, sijaona. Wakati nao uko hapo hapo karibu na mbele, analipa, alilipa, atalipa. Sikio letu limezoea kukaa mlangoni. Kiingereza kinafanya kinyume, mambo haya haya kinayaficha mkiani, "ticket" na "tickets", "walk" na "walked", "can" na "can't", na huko mkiani ndiko waongeaji wanakomeza sauti. Sasa kwenye IELTS jibu likiwa "tickets" we ukaandika "ticket" umekosa, hamna nusu alama. Mimi kanuni ya wingi naijua tangu darasa la tano lakini ile s sikuisikia, kwa hiyo ukiniuliza hilo ni kosa la grama au la kusikiliza nakwambia ni kosa moja. Anayekuuzia dawa ya grama peke yake au ya kusikiliza peke yake anakupa nusu dozi.

Kuna na mitego mingine midogo ya sisi Waswahili ambayo vitabu vya kutoka Uingereza haviitaji kwa sababu havituandikii sisi. Saa, kwa mfano. Sehemu ya kwanza ya IELTS ni mazungumzo ya mambo ya kawaida, mtu anapanga chumba au anajiandikisha kozi, na humo ndani wanataja saa, tarehe, namba za simu, majina yanayotajwa herufi kwa herufi. Ukisikia "eleven o'clock" kichwa kinakimbilia saa tano, unaanza kugeuza, ukija kushtuka namba ya simu imeshapita, na pale sauti inachezwa mara moja tu, hairudiwi. Herufi nazo, E yao inatamkwa kama i yetu, I yao ni "ai", A yao ni "ei". Jina likitajwa herufi kwa herufi kwa spidi unaandika i mahali pa e na hutakuja kujua kwamba umekosa. Hili peke yake lilinipotezea alama ambazo ningezipata bure.

Kuhusu mtihani upi nitapita haraka, maana mara nyingi anayechagua ni chuo au ubalozi, we unafuata. IELTS kusikiliza ni maswali 40, sehemu nne, kama dakika 30 hivi. Ukifanya kwa karatasi, pale ambapo bado ipo, unapewa dakika 10 za kuhamisha majibu, kwa kompyuta ni dakika 2 tu za kukagua. Kwa makadirio yanayotolewa na wenye mtihani, majibu 16 sahihi ni bendi 5, 23 ni 6, 30 ni 7, 35 ni 8. Ule wa Duolingo unafanyia nyumbani, kama saa moja hivi, ni wa bei rahisi zaidi, alama zake zinaanzia 10 mpaka 160, na lile zoezi la kusikia sentensi uiandike unaruhusiwa kuicheza mpaka mara tatu. Ila unataka chumba kimya, kamera, intaneti isiyokatika, na macho yasitoketoke kwenye skrini, na kwa viza ya Uingereza serikali yao haiupokei, kwa hiyo ulizia chuo chako kwanza kabla hujafurahia bei. TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, imebadilishwa muundo Januari 2026, ukipewa mazoezi yake na mtu hakikisha sio ya zamani. Wauguzi na madaktari wana mtihani wao unaoitwa OET, maswali 42 ya kusikiliza na yote ni mambo ya afya.

Haya, njia zenyewe sasa.

Tyusheni. Mi nilijiunga kituo kimoja maeneo ya Mwenge, jina nitaliacha, shilingi 120,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Naishi Mbagala. Anayeijua foleni ya kutoka Mwenge kwenda Rangi Tatu muda ule anajua nilikuwa nafika nyumbani saa ngapi. Darasani tulikuwa zaidi ya thelathini, mwalimu anajua grama kweli kweli na anafundisha kwa moyo, lakini sauti tulikuwa tunawekewa mara moja kwa wiki kwenye spika moja ndogo iliyowekwa mbele, feni inanguruma, madirisha yako wazi na nje bodaboda zinapita. Waliokaa nyuma walikuwa wanaangalizia kwa waliokaa mbele. Kwa kusikiliza nilipoteza miezi miwili pale, nasema bila kinyongo.

Ila tyusheni ina kitu ambacho simu haikupi, na hapo nataka niitendee haki. Kuandika na kuongea kunahitaji mtu wa kukusahihisha. Kwenye IELTS grama inabeba robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuongea, na mtu hawezi kuliona kosa lake la kila siku. Mi nilikuwa naandika "peoples" na "informations" miaka yote, tena kwa kujiamini, mpaka yule mwalimu akanizungushia wekundu. Kwa hiyo ukiamua kulipia, usiulize kituo kina sifa gani, uliza darasa lina watu wangapi, insha yangu atasahihisha nani na nitarudishiwa baada ya siku ngapi, sauti tunasikiliza kwa hedifoni au kwa spika, na naweza kukaa kipindi kimoja bure kwanza nione? Kituo kikikasirikia hayo maswali, ondoka.

Kitabu cha grama. Hapa sina mengi. Vya mtumba vinauzwa, kopi za kudurufu nazo zipo tele, na ukitaka kusoma bila kununua nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Kitabu ni kizuri kwa mtu ambaye bado hajui tofauti ya "I have lived" na "I lived", huyo asiruke, atakuja kujenga juu ya mchanga. Kwa mtu wa aina yangu, aliyejaza nafasi zilizoachwa wazi tangu sekondari, kitabu kinakupa raha ya kupata 18 kati ya 20 kila jioni na siku ya mtihani unabaki pale pale, kwa sababu jicho linaona nafasi iliyoachwa wazi, lina muda, linarudi nyuma. Sikio halina hiyo nafasi. Nilikuwa najua kabisa "had left" inatumika wapi, ila mtu akitamka "he'd left" mi nilikuwa nasikia "he left", ile d ilikuwa haipo kabisa duniani mwangu.

Apu. Hizi ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna apu ya kujifunzia lugha kama Duolingo, ambayo ni tofauti na mtihani wa Duolingo, kumaliza hatua zote kwenye apu hakukupi cheti cha mtihani. Alafu kuna apu za mazoezi ya mitihani zinazotengenezwa na watu mbalimbali, matangazo mengi, na nyingine majibu yake yenyewe yana makosa. Uzuri wa apu ni kwamba inakuzoesha kila siku. Dakika kumi umesimama kwenye mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni ni dakika ambazo kitabu kisingezipata. Ubaya wake ni kwamba sentensi ni fupi, sauti ni safi mno, na mara nyingi maneno ya jibu wanakupangia chini uchague, kwa hiyo unatambua tu, hutoi mwenyewe. Ukikosa unabonyeza tena. IELTS haina kubonyeza tena. Kwa anayefanya mtihani wa Duolingo apu inamfaa zaidi kidogo, maana mazoezi yanafanana, kwa IELTS ichukulie kama kupasha mwili moto kabla ya mechi.

Imla. Hii ndo iliyonitoa, na nitakaa hapa kidogo. Si unaikumbuka imla ya shule ya msingi, mwalimu anasoma, darasa zima kimya, mnaandika, kisha mnabadilishana madaftari kusahihishana? Ndo hiyo hiyo, ila kwa Kiingereza na mwalimu ni simu. Unachukua sauti ya dakika moja tu, tena ile ambayo maandishi yake yapo. BBC Learning English wanatoa vipindi bure na vingi vina maandishi yake, na wenye mitihani wenyewe wanaweka mifano ya bure kwenye tovuti zao pamoja na maandishi ya sauti. Unasikiliza yote mara moja bila kalamu, ujue inahusu nini. Alafu unairudia kipande kwa kipande unaandika kila neno, kila neno kabisa, mpaka "a" na "the" na "of". Ukikwama rudia, mwisho mara tano, usipopata acha nafasi. Ndo unafungua maandishi na kalamu nyekundu.

Siku ya kwanza kwenye maneno kama 140 nilikosa 41. Nilikaa nikaliangalia lile daftari muda mrefu. Kwa sababu maneno magumu nilikuwa nimeyapata! Niliyoyakosa yalikuwa yale madogo ninayoyajua tangu utoto, "of", "to", "have", "them", na mikia, s, ed, ile d ya "he'd", ile "ve" ya "they've". "Should have" nilikuwa nimeandika "shoulder". Sisi tunatamka kila silabi kwa haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Wao neno zito wanalipa sauti na dogo wanalimeza, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba maneno yanayomezwa ndo yaliyobeba grama.

Baada ya kusahihisha usifunge daftari. Kila kosa liandikie herufi pembeni, mi niliweka M kwa mkia uliopotea, D kwa neno dogo lililomezwa, T kwa tahajia, N kwa neno nisilolijua. Mwisho wa wiki hesabu. Wiki yangu ya kwanza M na D zilikuwa zaidi ya nusu, N zilikuwa chache sana, na mi nilikuwa nahangaika kukariri misamiati! Hapo ndo kitabu cha grama kinarudi kazini, unakifungua kwa sababu daftari limekwambia fungua sura ile, sio kwa sababu sura ya 14 inafuata baada ya 13. Nikaona nakosa kila mara mahali penye "have been", nikasoma kurasa mbili tu za hiyo, kesho yake nikaanza kuisikia.

Kisha rudi usikilize ile dakika moja mara ya mwisho bila karatasi, na irudie kwa mdomo pamoja na msemaji, kwa spidi yake. Ukiweza kuimeza kama anavyoimeza yeye, utaisikia mwingine akiimeza.

Gharama? Daftari, kalamu mbili, na bando dogo. Sauti ya dakika 6 ni kama MB 6 hivi, ukipakua mahali penye waifai unakaa nayo wiki nzima ya mazoezi. Video zinakula bando kwa kasi na zinakupa uso wa msemaji na maandishi ya chini, vitu ambavyo chumba cha mtihani hakikupi, na yale maandishi ya chini ya YouTube yanayojiandika yenyewe mengine yanakosea, usiyafanye ya kusahihishia.

Ubaya wa imla upo na ni mkubwa. Inachosha. Dakika moja ya sauti inakula dakika arobaini za maisha yako mwanzoni, inavunja moyo, na ukiwa na usingizi huwezi. Mi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kabla nyumba haijaamka kwa sababu jioni kwetu ni muziki wa jirani na watoto. Pia haikufundishi mbinu za mtihani, kusoma maswali mapema, kuangalia wametaka maneno mangapi, maana wakisema yasizidi mawili ukaandika matatu umekosa hata kama ndani yake jibu lipo, wala kuvumilia sehemu ya nne ambayo ni mhadhara wa mtu mmoja na katikati haina mapumziko. Hayo yanataka majaribio kamili ya dakika 30, na mi nilikuwa nafanya moja kila Jumamosi.

Sasa nani achukue nini. Kama mtihani uko miezi mitatu au zaidi mbele na grama ya msingi unayo, chukua imla siku tano za wiki, jaribio kamili siku moja, na hela ya tyusheni itunze mpaka mwezi wa mwisho umlipe mtu akusahihishie kuandika na kuongea tu, hata kama ni mwanachuo mzuri wa lugha pale UDSM, vipindi sita au nane, wawili mmekaa na daftari, naamini vinazidi miezi miwili ya darasa la watu thelathini. Kama grama ya msingi hauna, usione aibu, anza na tyusheni ya darasa dogo au kitabu kwa miezi miwili, ndo uje kwenye imla. Kama we ni mtu ambaye bila kusukumwa hufanyi, basi lipia darasa kwa ajili ya huo msukumo, lakini ile imla ya dakika moja ifanye hata mara mbili kwa wiki.

Binamu yangu ni nesi, anataka kwenda kufanya kazi Uingereza, kule baraza lao la wauguzi kwa IELTS linataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea na 6.5 kwenye kuandika. Anafanya zamu, darasa la siku maalumu haliwezi kabisa. Nilimshauri achukue OET kwa sababu mazungumzo ya mgonjwa na nesi anayaishi kila siku, na imla afanye kwa sauti za mambo ya afya. Apu anaitumia akiwa njiani. Wiki ya tatu sasa na makosa ya M yamepungua, ananipigia picha daftari ananitumia WhatsApp.

Na kama zimebaki wiki mbili tu, imla usianze, itakuvunja moyo bure. Fanya majaribio kamili kila baada ya siku moja, kwa hedifoni, bila kusimamisha sauti, na muda uliobaki piga mazoezi ya saa, tarehe, namba na herufi za majina, hizo ndo alama zinazorudi haraka. Ukiona unapata 16 au 17 kati ya 40 na chuo kinataka 6, yani majibu 23, soma masharti ya kusogeza tarehe leo leo, kabla siku za kusogeza hazijapita.